Watu walivyohama usukani wakaenda kwa ile e, na chumba cha Chebet kikaisha

Wakuu, chamgei, hamjambo nyote.

Nyinyi vijana mnaobishana huku kila siku browser gani ni kali, gani inamaliza RAM, gani ni ya wazee, leo kaeni kidogo mnisikize. Mimi ni nyanya ya watu. Shule niliacha darasa la nne nikaenda kuchuna chai, kwa hivyo mkikuta kosa mnivumilie. Lakini haya yalitokea kwangu, na wenyewe bado wako hai. Nikiongeza chumvi watanipigia simu kabla sijamaliza kuandika.

Jana mjukuu wangu alichukua simu yangu akasema, "Gogo, hii browser yako wacha nikubadilishie."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kila mtu siku hizi anatumia hii ingine."

Hilo neno "kila mtu" nalijua. Ndilo lilimfungia mama yake biashara.

Sasa sikizeni.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Binti yangu Chebet alikuwa amefungua cyber Kericho town, chumba kimoja juu ya duka la mbegu, unapanda ngazi ya mbao halafu korido. Mashine za kwanza zilikuwa second hand. Intaneti ilikuwa inapitia waya wa simu. Inalia kama kuku anafinywa, halafu unangoja. Mvua ya mawe ikinyesha, na Kericho mnaijua, inakatika, unaanza tena.

Mimi nilikuwa nachuna chai yangu Sosiot asubuhi, napeleka buying centre, halafu nashuka town kumsaidia. Kazi yangu ilikuwa mlangoni. Chebet yuko ndani anawaandikia watu barua, mimi nawapokea, nawapa kiti, nawaambia waanzie wapi.

Na pa kuanzia palikuwa mahali pamoja tu. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kapicha ka usukani wa meli. Ile browser ya usukani, majina mtayaweka wenyewe hapo chini, mimi nilizijua kwa picha. Chebet alifundishwa na usukani, akanifundisha usukani, na mimi nikafundisha wateja usukani. "Bonyeza usukani mara mbili, ngoja." Hata wazee ambao hawajawahi kuona bahari waliujua usukani kwa sababu yangu.

(Kuna mmoja aliubonyeza akashika meza na mikono yote miwili. Tuendelee.)

Baadaye Chebet akaongeza mashine zingine, mpya kidogo. Hizo zilikuja na browser yao tayari ndani, ile ya herufi e ya bluu. Hakuna mtu aliiomba. Ilikuja tu na mashine, kama vile kitanda kinakuja na mbao zake. Tukaweka usukani hapo pia, e tukaiacha ikae.

Sasa kuna mtu wa tatu hapa, na bila yeye hamtaelewa.

Huyo ni mkwe wangu, bwana ya Chebet. Yeye ndiye alikuwa fundi wa hizo mashine. Jina lake sitalitaja, mkwe hatajwi ovyo. Kwetu Kipsigis, mkwe na mama ya bibi yake hawasongeleani. Hampeani mkono. Hamketi pamoja. Akiingia mlango huu, wewe unatafuta kazi upande ule. Na kumkosoa mama mkwe mbele ya watu, hiyo hata mlevi hawezi. Najua siku hizi mnapiga selfie pamoja mkicheka. Siwazuii. Nasema vile sisi tulikuwa.

Kwa hivyo yeye alikuwa anakuja cyber asubuhi mapema, anatengeneza, na mimi nikifika ameshatoka. Kama kuna neno, linapitia kwa Chebet.

Mambo yalianza kuharibika polepole.

Watu walikuwa wanakuja kusoma email. Wengi wao mtoto yuko ng'ambo, ama wanatafuta shule. Wakifungua kwa usukani, ukurasa unakuja nusu. Mara pa kubonyeza pamepandana, maandishi juu ya maandishi. Mara mashine inasimama kabisa. Na dakika za kulipia zinaenda.

Mteja hajui browser. Mteja anajua kwa Chebet hakufunguki.

Kulikuwa na karani mmoja wa estate ya chai, Mkisii anaitwa Makori, mtu wa maneno mengi lakini roho safi. Alitoka ndani siku moja amekunja uso, akaniambia, "Mama Chebet, nyinyi mnauza maziwa na ng'ombe hamna."

"Ni mvua," nikamwambia.

"Mvua gani na jua linawaka hivi? Kule karibu na stage ya matatu wamefungua ingine. Huko mashine zinakimbia. Mimi naenda, usinione vibaya."

Akaenda. Na wengine wakaenda. Hapo ndipo mwenye jengo alipanda ngazi akamwambia Chebet kwa upole, na huo upole ndio ulinitisha, kwamba kuna mtu wa butchery anakitaka hicho chumba, na kama hakitaona watu mpaka Krismasi, atampa.

Chebet aliingia nyuma ya pazia akajifanya anatafuta karatasi. Hicho chumba ndicho kitu cha kwanza alichowahi kuita chake.

Basi nikashuka mwenyewe mpaka kwa hiyo cyber ya stage. Nikalipa kama mteja, nikaketi, nikaangalia.

Wakuu, nilichoka siku hiyo na sikuwa nimechuna hata jani.

Mashine ni zile zile. Waya wa simu ni ule ule. Tofauti ni kwamba pale kwa kioo usukani haukuwepo. Ilikuwa e peke yake, na kurasa zilikuwa zinafunguka.

Na nani yuko kando yangu? Mama Chepkoech, jirani yangu wa Sosiot, tunapakana mashamba. Mimi ndiye nilimfundisha kushika mouse. Akaniona, akataka kuingia chini ya meza.

Nikamuuliza, "Kwa nini unatumia hiyo?"

"Nilikuta iko hapa."

"Ni nzuri kushinda usukani?"

"Sijui, Mama Chebet. Mimi nilibonyeza ile iko."

Nikageukia kijana wa college upande ule mwingine. Akasema mwalimu wao hutumia hiyo. Mwenzake akasema yeye alimwona huyu, akafuata. Makori naye alikuwa kona, akainua mkono kama yuko darasani. "Mimi ni kwa sababu ukurasa wa email unafunguka! Si nilikuambia?"

Hapo nikaelewa. Hakuna hata mmoja aliyechagua. Mmoja alikuta, mmoja aliambiwa, mmoja alifuata, mmoja alikuwa amechoka kungoja. Mkiwahesabu pamoja ndio mnasema "kila mtu".

Nilirudi nikimwaza Chebet, lakini usukani bado sikuwa tayari kuuacha. Sikujua kwamba mkwe naye alikuwa ameanza kutengeneza mambo kivyake.

Jumatatu, siku town imejaa, nilifika nimechelewa kidogo kwa sababu ya foleni ya chai. Watu wako kwenye korido, angalau. Nikafurahi. Nikawapa viti. "Bonyeza usukani mara mbili, ngoja."

"Usukani gani?"

"Huo, pale juu kwa kona."

"Hakuna usukani, mama."

Nikainama. Kweli, hakuna. Mashine ya pili, hakuna. Zote hakuna. Pale kwa kona kuna e imekaa kama mtu amepewa kiti cha mwenyewe. Nikaita Chebet kwa sauti nikidhani tumeibiwa. Mama mmoja akacheka, akasema, "Ikiwa wenyewe hawajui iko wapi, sisi tutajua?" Wakaanza kuinuka. Mimi nasimama mlangoni nikiwaambia wangoje, wao wanapita kando yangu wanashuka ngazi. Kufikia saa ya chakula chumba kilikuwa kitupu.

Nikasema mkwe aitwe.

Alikuja. Mimi nikaketi kwenye korido, kiti nimekigeuza kinaangalia ukuta. Yeye akasimama ndani, nyuma ya mlango. Chebet katikati.

"Muulize nani alitoa usukani."

"Mama anauliza nani alitoa usukani."

"Mwambie mama ni mimi."

"Anasema ni yeye."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize kwa nini hakusema."

Chebet akaniangalia. "Mama, angekuambia aje? Kila mtu akiingia wewe ni usukani, usukani. Mbele ya watu. Yeye ni mkwe wako."

"Na wewe? Wewe pia ni mkwe wangu?"

"Mimi nilikuwa najaribu kukaa upande wako."

Wakati huo Makori alikuwa amepanda ngazi, labda kuona kama tumefunga. Akasimama. "Hapa ni cyber ama ni kesi?"

"Ni kesi," nikamwambia. "Shuka."

Akashuka.

Nikaambia ukuta, "Wacha huyo kijana aongee mwenyewe. Mimi simwoni, yeye hanioni. Aongee."

Akaongea. Sauti yake ilikuwa chini, sijawahi kuisikia karibu hivyo. Akasema usukani haukuwa kitu kibaya, ila huo wetu ulikuwa umezeeka, na kurasa za watu zinaandikwa zikiangalia e siku hizi. Usukani mpya ulikuwepo, lakini kuushusha kwa huo waya wetu ni siku nzima simu ikihesabu, na ukikatika katikati unaanza upya. Na e ilikuwa hapo tu, imekuja na mashine mpya pamoja na CD yake, zile za zamani akaziwekea hiyo hiyo. Alijua tangu wateja wa kwanza waanze kulalamika. Alimwambia Chebet. Chebet akamwambia angoje, atanipata nikiwa na moyo mzuri. Alingoja mpaka akashindwa, ndio akautoa asubuhi bila mtu kujua, akitumaini nitaona mwenyewe bila yeye kunivunjia heshima.

Mimi nilifanya vile nilifundishwa, na nilifanya vizuri. Yeye alinyamaza vile alifundishwa, naye alinyamaza vizuri. Chebet alitunza mama na akatunza bwana. Kila mmoja alikuwa na adabu yake, na chumba kilikuwa kitupu.

Kutoka siku hiyo nilisimama mlangoni nikasema, "Bonyeza e." Kurasa zikafunguka. Email zikasomeka. Kwetu na kwa stage ikawa hakuna tofauti.

Nikaenda nikiwaambia watu mmoja mmoja. Kanisani, kwenye foleni ya chai, barabarani. Mama Chepkoech nilimpata akikata napier ya ng'ombe.

"Rudi kwa Chebet. Sasa inafunguka."

"Nitakuja."

Hakuja. Nikamuuliza tena.

"Mama Chebet, sina ubaya na nyinyi. Lakini pale nimezoea. Naketi kiti changu, kijana ananijua. Nitoke huko nipande ngazi nifanye nini, na ni kitu kimoja?"

Alikuwa anasema ukweli. Hilo ndilo lilinimaliza. Walihama kwa sababu yetu ilikuwa mbaya, lakini hawakurudi ilipokuwa sawa. Wengine walirudi, Makori akiwa mmoja, anakuja anasema ameleta msaada wa serikali. Lakini hawakutosha kujaza chumba.

Krismasi ilifika. Mwenye jengo alitimiza neno lake, na sikumlaumu. Mashine zililetwa Sosiot kwa pickup, zimefunikwa turubai, mvua ikinyesha. Tukaziweka store pamoja na magunia ya mahindi. Chebet alikaa nyumbani miezi kidogo, halafu akaenda akaajiriwa. Wapi? Kwa hiyo cyber ya stage. Alikaa huko miaka, akiwafundisha watu kubonyeza e, mpaka hiyo e nayo ikaja ikahamwa vile mnajua.

Kwa hivyo mkibishana huku kwamba browser fulani ilishinda kwa sababu ni bora, mimi huwa nasoma tu nafunga simu. Iliyo bora inasaidia, sikatai. Lakini mtu huchukua iliyo karibu na mkono wake, hukaa nayo mpaka imkasirishe, na akishahama amehama. Ukiwa na biashara, ogopa ile siku ya kwanza mteja anakasirika kimya kimya. Hiyo ndiyo ya kukimbilia. Ukija baadaye na kitu kizuri utakuta ameshapata kiti kingine.

Sasa nataka kusikia kwenu. Wewe uliye hapa, browser unayotumia uliichagua ama uliikuta? Na ulipohama, nani alikuhamisha? Andikeni ukweli. Mambo ya "ni faster" msiniletee kama hamkupima.

Na ile siku ya pickup, tulipomaliza kushusha mashine, niliwaita wote wa nyumba yangu. Mkwe alisimama nje chini ya mabati, mlango wazi, mimi nimempa mgongo. Nikawaambia: kutoka leo, mtu wa boma hii akiona kitu changu kinaharibika, ananiambia siku hiyo hiyo, awe mtoto, awe mkwe, hata kama nimesimama mbele ya kanisa zima. Heshima ya kunyamaza msiniletee tena.