Paji la Uso la Baba Yangu, Tie Guangrui

Siku ya arobaini ya baba yangu tulikuwa uani tukikaanga mikate ya mafuta, kama ilivyo desturi yetu Waislamu wa mtaa wa Niujie, ili majirani wale na wamwombee marehemu. Ahong, imamu wetu, alikuwa ameshasoma na kuondoka. Shangazi Mu, ambaye nyumba yake na yetu zinatumia ukuta mmoja, alichukua mkate, akaukunja, akasema bila kumtazama mtu:

"Jana televisheni wamerudia ile filamu ya mfalme aliyeangushwa. Nimemwona Guangrui, Mungu amrehemu. Paji la uso chini kabisa, mbele ya kile kitoto."

Mama alikuwa akigeuza mikate. Mkono wake ulisimama hewani. Mkate uliokuwa kwenye mafuta ukaungua mbele ya macho yetu sote, na hakuna aliyeutoa.

Baba alizaliwa nyuma ya duka la matumbo ya kondoo la babu, na alifia mbele ya sufuria la duka hilohilo, upawa mkononi, kabla hatujapata hata nafasi ya kumlaza. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo, kuyakata, kuyatumbukiza kwenye maji yanayochemka na kuyatoa upesi, maana yakizidi kidogo yanakuwa mpira. Alikuwa mrefu kupita wanaume wote wa mtaa. Wateja walimtania, "Mzee Tie, huko juu baridi ikoje?" Naye hujibu, "Nafuu, huku soksi zako hazinuki."

Miaka ile misikiti ilipofungwa alisali nyuma ya mapipa ya matumbo machafu, mahali ambapo mpelelezi hakupenda kuingiza pua. Vijana wa mapinduzi walipomtaka ainame mbele ya picha ya kiongozi ukutani alikataa, wakampiga mgongo hadi akalala kifudifudi wiki nzima. Mama alipomkanda kwa maji ya moto alimwambia, "Paji langu lina mwenyewe mmoja." Tangu hapo mama aliishi kwa neno hilo. Alitulea sisi kwa neno hilo.

Kisha, katika miaka ya themanini, wakaja watu wa filamu. Ilikuwa hadithi ya yule mfalme wa mwisho: alitawazwa akiwa mtoto, akaondolewa, akazeeka raia kama sisi. Walitaka wanaume wa kujaza uwanja wa kasri walilojenga kwa mbao na plasta nje ya mji. Baba alikwenda pamoja na wenzake wa mtaani. Alirudi nusu ya kichwa imenyolewa kama wanaume wa enzi ya mfalme yule, mama akaangusha bakuli. Hakutusimulia chochote. Filamu ilipoonyeshwa mtaani, sote tulimngoja atupeleke, naye akasema sufuria haliwezi kuachwa peke yake. Nilidhani anaonea aibu ule msuko wa bandia waliomfunga mgongoni. Basi hatukuiona.

Jioni ya arobaini kaka yangu Shouyi alipata diski yake. Tulikaa watatu. Uwanja ulijaa theluji na wanaume. Mtoto aliyevaa manjano aliletwa kwenye kiti. Sauti ikapigwa, na wote wakaporomoka kama ukuta. Shouyi aliisimamisha picha. Yule mrefu wa safu ya mbele alikuwa baba, na paji lake lilikuwa chini.

Mama aliondoka akaingia chumbani. Kesho yake hakushika tasbihi yake ya kumwombea baba. Niliivuta ilipokuwa, nikampa, akaniambia, "Namwombea nani? Nimelala miaka yote na nani?" Nilimzika baba mara moja, sasa nikaona anazikwa tena, na safari hii bila dua.

Nikaenda kwa Ami Bai Yonglu, mchinja kondoo mstaafu, aliyekwenda kwenye filamu pamoja na baba. Nilimkuta akila mbegu za alizeti.

"Ami, baba alisujudu?"

"Alisujudu."

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Mimi pia," akasema, akitema ganda. "Sote wa mtaa wetu. Nilijiambia ni mchezo, miguu imeganda, Mungu anisamehe. Baba yako hakushuka. Kila wakipiga picha, watu wote chini, yeye juu kama nguzo ya umeme. Msimamizi akaja na kipaza sauti chake. 'Wewe mrefu, magoti yameota kutu?' Baba yako akamwambia, 'Paji langu lina mwenyewe.' Yule naye akasema, 'Basi niazime kidogo, nitamrudishia.' Tulicheka, binti, nakuambia ukweli. Baba yako hakucheka."

"Kisha?"

"Jua likaanza kushuka. Msimamizi akasema hakuna atakayekwenda nyumbani mpaka huyu ashuke. Watu wakaanza kumtukana, na wengine walikuwa wazee wenye baridi yabisi. Baba yako akaniuliza, 'Yonglu, alasiri imeingia?' Nikamwambia imeingia zamani. Akachota theluji, akanawa mikono, uso, kila kitu, hata miguu, mbele za watu. Nikasema huyu kichaa. Sauti ikapigwa." Ami Bai aliweka mbegu kando. "Mmetazama paji. Nani kawaambia mtazame paji? Mtoto yule alikaa kaskazini. Nendeni mtazame baba yenu kalalia wapi."

Nilirudi nusu nikikimbia. Shouyi akarudisha picha. Ni kweli Mungu huwafumba watu macho wakiwa wamefumbua. Migongo yote ilikuwa imenyooka kumwelekea mtoto, misuko yote imelala upande mmoja kama mabua yaliyopigwa na upepo, na katikati yao mtu mmoja mrefu amekingama, ubavu wake kwa mfalme, kichwa chake magharibi. Kibla. Shouyi alitoa sauti kama mtu aliyechomwa.

Tukaiacha iendelee. Wote waliinuka, yeye hakuinuka. Mtoto alishuka kitini akatembea, na kwenye pembe ya picha baba bado alikuwa chini, hana haraka na mtu, mpaka picha ikabadilika.

Nilipita kwa ahong nikamwuliza kama ile ni sala. "Msuko wa bandia, mavazi ya watu wengine, kelele," akasema. "Mimi ni ahong, binti, si Mungu. Nenda umwonyeshe mama yako."

Mama alikataa kutoka chumbani, hivyo Shouyi akaibeba televisheni akaiingiza humo. Alitazama akiwa amesimama. Akataka tena. Mara ya pili alisogea akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya ule mgongo uliokingama, akakiacha hapo. Uso wake ulikuwa mweupe kama siku ile walipomleta baba kutoka dukani.

Kisha akafunga ushungi wake vizuri.

"Nenda kamwite Shangazi Mu," akaniambia. "Mwambie aje na miwani."