Kaa la Moto na Neno Oke

Habari imenifikia wiki hii nikiwa ninachagua maharagwe: yule mama muuza vitenge aliyetoka Kivu, ambaye wengi wenu mlimfahamu hapa sokoni Gitega kabla hajahamia Gashoho, kule Muyinga, amefariki. Amefia chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani. Waliopanga naye ua mmoja wanasema hawakumsahau. Walimpigia simu wakamuuliza kama yuko oke, akajibu oke. Wakampigia tena, akajibu vilevile, wakaenda zao sokoni. Baadaye simu ikaita bila kupokewa. Tangu nisikie hayo usingizi wangu umekatika, na sitawaficha: ninaogopa.

Mimi Kizungu sikijui, shule niliiacha mapema, lakini neno hilo nalijua kwa sababu yeye ndiye alinifundisha. Mteja akitaja bei ya kumtusi, alivuta oke ndefu iliyopanda kama mtu anayepanda mlima, na mteja akaelewa aendelee na safari yake. Akikubali, ilikuwa oke fupi, na mkasi tayari uko kwenye kitambaa. Askari wa soko akimwambia aondoe meza njiani, oke, na meza haisogei. Msibani aliisema polepole huku ameshika mkono wa mfiwa, na sijawahi kusikia pole iliyozidi ile. Jumapili moja padri alituuliza kama tutasameheana, kila mtu akatazama viatu vyake, na kutoka benchi la nyuma ikaja oke. Padri aliinamisha kichwa ili tusione kwamba anacheka.

Alipofika nchi hii mara ya kwanza alipanga nyumba yangu ya nyuma, kijijini kwetu Nyarusange. Sasa, sisi wa zamani tulikua bila kiberiti. Asubuhi ulikwenda kwa jirani na kigae cha chungu kuomba kaa la moto, kurahura kama tunavyosema kwa Kirundi. Na ule moto ulikuwa na kazi mbili. Ukiinama kwenye jiko la mtu unajua kama jana alipika, na ukiinuka unakutana na uso wake. Mimi kiberiti ninacho, na kigae changu bado ninatembea nacho. Wanaotaka kucheka na wacheke. Asubuhi moja nilimwita mpangaji wangu kupitia mlango, akajibu oke. Nikasema ninataka moto. Akasema kiberiti kiko dirishani, nichukue. Nikasukuma mlango. Jiko lilikuwa baridi, na yeye amejikunja chini ya vitenge vyake vya kuuza, meno yanagongana kwa malaria.

"Hii ndiyo oke yako?" nikamuuliza.

"Koko, mi niko oke," akasema; koko kwao ndiyo bibi. "Ni mwili tu ndio iko malade," yaani mgonjwa.

Nilimgombeza mpaka wanaume wa mlima wetu, ndicho kijiji chetu, walipokuja na machela kumbeba. Walimshusha bondeni hadi kwenye zahanati, na njia nzima aliwatania kwamba wanabeba bibi harusi.

Kule Gashoho marehemu hakupata mtu wa kuja kumwomba moto. Sisemi majirani zake ni wabaya. Kila mtu ana kiberiti chake, kila mtu ana simu yake, na simu haina jicho. Mgonjwa anayeogopa kuwa mzigo anakupa neno la kukufungulia njia uondoke, nawe unaondoka moyo mweupe. Hilo ndilo linalonitisha. Kifo chenyewe nimekizoea, nimezika watu wengi.

Kwa maana nina mjukuu Buhinyuza, huko huko Muyinga. Ana mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia, na mume amevuka kwenda Tanzania kutafuta vibarua. Huyu binti alikulia huko huko Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, maneno hayamkosi. Juzi nilimpigia. Nikamuuliza habari, akasema oke. Nikamuuliza kama anakula, oke. Nikamuuliza kama miguu imevimba.

"Oke tu, bibi."

Nikamwambia ninakuja.

"Usije, bibi. Njia ni ndefu na wewe umechoka. Mimi niko oke."

Simu nikaitupa kwenye ungo wa maharagwe. Nikaiacha humo, nikaenda kufunga mzigo.

Mtakaposoma haya nitakuwa njiani kwenda Muyinga. Nimebeba unga wa uji, na kitenge alichoniachia marehemu alipohama, kitafaa kubebea mtoto Mungu akipenda. Juu ya vyote nimeweka kigae changu. Nikifika mlangoni sitamuuliza mjukuu wangu hali yake, maana jibu ninalijua. Nitaomba moto. Nanyi mliosoma kuliko mimi, kama mna mtu anayewajibu oke kwenye simu, zimeni hiyo simu mwende mkaguse jiko lake.