Kikohozi Nyuma ya Mlango

Madalali wenzake walimpachika jina la Fungua-Nione, na hawakumpachika kwa mapenzi. Wenzake huonyesha nyumba kwa mdomo: hapa upepo tele, pale jua la asubuhi, majirani ni watu wa heshima zao. Yeye humtangulia mnunuzi akiwa kimya, na viatu vyake vilivyolika visigino, na kila akifika kwenye mlango uliofungwa hutamka neno moja tu: fungua. Ukimwambia ufunguo umepotea, anatafuta pa kukaa, anakaa. Mama huyu ana subira ya kuudhi, hasa ukiwa dalali mwenye haraka ya kula kamisheni.

Ana tabia ya pili, ambayo wanamcheka nayo mpaka leo. Huwaomba watu wote wanyamaze, kisha anaegemeza sikio kwenye mlango. Wanasema anasikiliza mashetani. Nusu wamepatia.

Miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa dalali wa wauzaji, tena si wa kubahatisha. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Siku moja akamwonyesha nyumba dereva wa lori, mtu mpole, aliyekuja peke yake kwa kuwa mkewe alikuwa amejifungua wiki ileile. Muuzaji, kijana aliyependeza kuliko nyumba yake, alikuwa amekwisha kumnong'oneza dalali: chumba cha mwisho usikifungue, kuna mambo ya kifamilia. Hakuuliza mambo gani. Alijifanya hamnazo, maana mauzo yalikuwa karibu.

"Na humu?" dereva aliuliza walipofika pale.

"Stoo tu, kaka yangu."

Dereva akageuka kwenda kujaribu bomba la jikoni. Ndipo mtu akakohoa ndani ya ile stoo, mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu anayejitahidi kujizuia. Maji yalikuwa yanamwagika, dereva hakusikia. Dalali alisikia vizuri sana. Akapaza sauti, akaanza kusifia paa, na aliendelea kulisifia mpaka wakatoka nje.

Siku ya kuhamia, dereva alimkuta baba wa muuzaji amekaa kitandani, miguu imevimba, hana habari kwamba nyumba yake si yake tena. Mzee alimtazama mgeni na magodoro yake, akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Muuzaji alikuwa keshabadilisha namba ya simu. Dereva akampigia dalali. Hakutukana, na laiti angetukana. Aliuliza tu, "Dada yangu, wewe ulijua?"

"Sikujua, kaka. Sikusikia chochote."

Wala hakuwa ameulizwa kama alisikia.

Tangu hapo kikohozi kikamhamia yeye. Anakisikia mchana kweupe, nyuma ya milango ya nyumba za watu, hata kwenye nyumba mpya ambamo hajawahi kulala mtu. Aliacha kuwauzia wauzaji, akawa dalali wa wanunuzi peke yao. Alidhani kitanyamaza. Hakikunyamaza, na anaogopa kufa nacho.

Mwaka huu mteja wake alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo aliyepanga vyumba vya watu tangu alipoolewa, akihama mara saba na cherehani yake. Alitaka nyumba yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, basi. Wakaipata. Fundi alisimama katikati ya kile chumba, na ungemwona macho yake yanavyopanga: cherehani dirishani, meza ya kukatia ukutani, wajukuu chumba cha pili.

"Dada, hii ndiyo yenyewe," alinong'ona.

"Bado, fundi."

Dalali wa muuzaji alikuwa bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na mdomo usio na breki. Walipofika kwenye chumba cha nyuma alikipita bila hata kukitazama.

"Hiyo stoo tu, dada yangu."

Yaleyale maneno. "Fungua."

"Ufunguo anao mwenyewe, na yuko safari. Halafu saa nane nina mteja mwingine, huyo hana maswali mengi."

Fungua-Nione alipindua ndoo, akaikalia. Fundi akamshika bega. "Dada, tutaikosa. Si amesema ni stoo?"

"Nyamazeni kidogo." Akaegemeza sikio. Mara mbili, kikavu. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu," fundi alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Fungua-Nione hakujua kama kikohozi kile ni cha chumba au ni cha kichwa chake, na kama ni cha kichwa chake, basi alikuwa anamkosesha mama wa watu nyumba kwa dhambi isiyomhusu.

"Fundi, nisikilize," alisema. "Huyu bwana kazi yake nyumba iuzwe. Iuzwe kwako, iuzwe kwa mwingine, kwake ni sawa. Mimi niko hapa kwa ajili yako wewe. Tukae."

Wakakaa. Saa nane ikafika, ikapita, mteja mwingine hakutokea. Saa tisa kasoro yule bwana akajipapasa, akajifanya kushangaa, ufunguo ukatoka mfuko wa shati.

Hakukuwa na mtu ndani. Kulikuwa na ukuta wa nyuma, umepasuka toka juu hadi sakafuni, ufa umezibwa kwa karatasi za mifuko ya saruji. Kwa nje walikuwa wameuficha kwa mabati. Fundi alichomoa karatasi, akaingiza mkono, ukazama mpaka kifundo. Akautoa taratibu. Wakatoka mpaka barabarani.

"Ningewalaza wajukuu zangu mle," alisema. "Ningekuja peke yangu, ningemwamini yule bwana. Asante, dada."

"Usinishukuru."

Akamweleza yote palepale kando ya barabara, kuanzia bomba la jikoni hadi ile simu. Hakuwahi kumweleza mtu.

"Na huyo mzee?"

"Dereva hakumfukuza. Alimtunza miaka minne, akamzika. Yeye na mkewe wapo palepale mpaka leo. Nimefika getini kwao mara sita, nageuza. Akiniuliza tena kama nilijua, nitamwambia nini?"

Fundi alikuwa akipangusa vumbi la ufa kwenye kiganja chake.

"Utamwambia ulisikia," alisema. "Nyumba yenyewe iko wapi?"