Saini ya Wegesa

Wegesa ana ulimi usio na breki. Nasema hivyo kwa upendo, maana tumepakana miaka kumi na minne hapa Mugumu: mimi nauza misumari na bati, yeye anachoma tofali nyuma ya duka langu, na moshi wake naujua kuliko harufu ya chai yangu. Nusu ya nyumba za mtaa huu zimetoka kwenye tanuru lake. Ndilo lililosomesha wanawe wanne.

Mwaka jana Umoja wetu wa wafanyabiashara uliombwa maoni kuhusu muswada wa serikali: nyumba za bei nafuu, pamoja na barabara na vituo vya malori ya mizigo. Tukakutana ukumbini. Karatasi ya mahudhurio ikazunguka kama kawaida, na Wegesa, aliyewahi kuliko wote, akasaini namba moja. Kisha akasimama. Akasema barabara tunaitaka, ila sheria itamke kwamba nyumba zijengwe kwa tofali za hapahapa, la sivyo malori yataleta tofali za saruji kutoka mbali na yeye atazima tanuru. Tulipiga makofi. Mwenyekiti wetu, Sylvester, alipiga zaidi yetu, akaandika kila neno.

Sylvester huyo alianza na baiskeli, akisomba tofali za Wegesa. Leo ana malori mawili ya Fuso.

Baada ya miezi miwili, nakala ya maoni yetu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Arafa, muuza vitenge, aliisoma kwanza akaja kutuita. Umoja ulikuwa umeunga mkono "kwa kauli moja" tofali za saruji za kiwandani, zisombwe na wanachama wenye malori. Chini yake ilikuwepo karatasi yetu ya mahudhurio, imepewa kichwa kipya: Waliokubali. Namba moja, Wegesa.

Huo ni usaliti, na sina neno laini zaidi. Wegesa aliisoma mara mbili. "Huyu mura, kijana wangu wa baiskeli, alikula kwangu," akasema, akarudi kwenye tanuru lake.

Mkutano uliofuata akaja wa kwanza vilevile. Akamuuliza Sylvester mbele ya watu maneno yake yalikwenda wapi.

"Dada Wegesa, wakubwa walitaka kauli moja," alijibu. "Ni utaratibu tu."

Karatasi ilipomfikia akaandika jina lake, na pembeni: Nimehudhuria, sijakubali. Sylvester aliichukua, akaitazama, akaikunja taratibu.

"Hii imechafuka," alisema. "Katibu, toa nyingine."

Nyingine ikatolewa. Wegesa hakuigusa. Nilitegemea watu wagome, na kwa kweli nilikuwa nimeshakasirika kwa niaba yao. Arafa alisaini akiangalia sakafu. Wengine wakafuata. Ikafika kwangu. Nikafikiria bati zangu zinavyokwama njiani kila masika, nikafikiria hiyo barabara, nikaomba kalamu kwa aliye karibu, nikasaini bila kuangalia ni ya nani.

Kwa mujibu wa karatasi ile, siku hiyo Wegesa hakuwepo ukumbini. Alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu, amenyoosha mkono.

"Hiyo kalamu ni yangu, Faraji," alisema. "Kama umemaliza, nirudishie."