Mashine ya Nyasi na Kipande cha Nailoni

Mashine ile ilikuwa stoo ya shule, nyuma ya madawati yaliyovunjika, imerundikiwa magunia ya chokaa. Nilipoikokota hadi uani Jumatatu asubuhi, panya watatu walichomoka kwenye kichujio cha hewa wakakimbilia upande wa jiko. Nilisimama pale kwa muda nikijiuliza kama ni wajibu wangu kumwarifu mpishi.

Baba alikuwa mtunza uwanja wa shule hiyo, shule ndogo ya msingi nje kidogo ya Ruiru, upande wa mashamba ya kahawa. Tuliishi sisi wawili katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya madarasa, nyumba iliyokuja na kazi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi minane nyuma, nina digrii ya biashara na bahasha ya kaki iliyokwisha kulegea pembe kwa kuzungushwa ofisi za Thika na Nairobi. Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya El Nino. Nyasi zilimea kana kwamba zinakimbizwa.

Miaka yote baba alikuwa akikata uwanja kwa slasha. Mwezi uliotangulia aliteleza kwenye tope akaumia nyonga, na tangu hapo hakuweza kuinama na kuzungusha mkono kwa zaidi ya dakika chache. Hakumwambia mtu. Nyasi ndizo zilizomsema. Zilipofika magotini mwa watoto wa darasa la kwanza, mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alimwambia kwa upole kwamba Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi, na kwamba uwanja ukikaa vile hadi siku hiyo, itambidi atafute mtu mwenye nguvu zaidi. Nyumba hakuitaja. Hakukuwa na haja. Baba alinisimulia hayo akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

Nilijitolea kufyeka mwenyewe. Alikataa. Mwalimu mkuu angeniona, alisema, na angejua mara moja kwamba mzee amekwisha. Ndipo nilipoikumbuka mashine. Iliachwa na Mzungu aliyemiliki boma lile kabla halijawa shule, na hakuna aliyekumbuka ilinguruma lini mara ya mwisho.

"Maitu, hicho ni chuma cha kuuza kwa kilo," baba alisema. Aliniita maitu, mama, kwa sababu nilipewa jina la mamake, na alipenda kuniita hivyo hasa alipotaka kunipinga kwa heshima.

Siku nzima niliitumia kuifungua. Kila msumari wa parafujo niliotoa niliuchora kwenye karatasi ya grafu, nikaupa nambari, nikaandika ulikotoka. Petroli iliyobaki ndani ya tangi ilikuwa imegeuka utomvu wa rangi ya chai, unanuka kama vanishi. Nilikuwa na hakika kwamba nitasahau kitu kimoja kidogo na kwamba kitu hicho kitamnyima baba kazi.

Jumanne nilikwenda Thika. Nyuma ya soko kulikuwa na fundi wa jenereta na pampu za maji, mtu mzima kutoka Majengo, kofia ya kufuma kichwani. Nilimtolea kabureta na plagi kutoka kwenye mfuko wa plastiki, kisha nikamtandazia michoro yangu.

"Dada, umeniletea mgonjwa," akauliza, "au umeniletea moyo wake peke yake?"

Alimwita mwenzake wa kibanda cha pili aje kuiona michoro. Waliitazama kwa makini, wakasifu mistari, kisha wakacheka hadi nami nikacheka kidogo. Aliipuliza kabureta, akazibua tundu lake kwa uzi mmoja wa waya, akaitupilia mbali plagi yangu na kunichagulia nyingine iliyotumika kutoka kwenye mkebe. Nilimuuliza maswali saba. Alijibu mawili: nibadilishe oili, na nisitumie petroli ya zamani hata tone.

"Na usiifikirie sana," aliongeza. "Vuta kamba."

Jumatano niliivuta kamba. Mara ya kumi na nne ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanguruma. Baba alitoka akasimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu. Hakurudi ndani.

Niliisukuma mita chache kuijaribu, nikaona petroli ikirukaruka kutoka kwenye kifuniko cha tangi. Mpira wake ulikuwa umekauka ukabomoka, na matone yalikuwa yakiangukia karibu na chuma cha moto. Papo hapo niliiona shule nzima ikiteketea, pamoja na daftari za watoto, nami nikiulizwa maswali na polisi. Nikaizima. Nikakata kipande cha mfuko wa nailoni wa sukari, nikakikunja mara mbili, nikakiweka chini ya kifuniko na kukaza. Ndivyo tulivyofunga mtungi wa mafuta ya taa usimwagike, na ndivyo alivyofunga kila mtu niliyemjua. Katika kazi yote ya wiki ile, hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya bila wasiwasi.

Alhamisi tulianza kukata asubuhi, wakati mwalimu mkuu yuko mkutanoni Thika. Mashine ilikata vizuri kutoka langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera, ikapungua sauti, ikafa. Nilivuta kamba hadi kiganja kikachubuka. Haikuitikia. Tulingoja kama nusu saa, nikaivuta tena, ikawaka, ikakata mstari mmoja na kidogo, ikafa.

Nilitoa daftari nikaanza kuorodhesha sababu. Injini inapata joto kupita kiasi. Plagi ya fundi ni mbovu. Oili ni nzito. Nilikosea mchoro namba tisa. Nilifika sababu ya kumi na moja, na kila moja ilihitaji nirudi Thika. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na fundi hufunga mapema kwenda msikitini. Nilihesabu saa zilizobaki nikaona hazitoshi. Nikamwambia baba kwamba huenda ningemwongezea aibu tu, kwamba labda tungekwenda kumweleza mwalimu mkuu ukweli kuhusu nyonga.

Baba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitaka kujua mashine ilikuwa inakufaje: ghafla, au kama mtu anayeishiwa pumzi? Nikasema kama mtu anayeishiwa pumzi. Akaniambia niiwashe tena na nisiiguse itakapozima.

Ilipozima aliinamisha kichwa taratibu, sikio karibu na tangi, akakifungua kifuniko mwenyewe. Nilisikia hewa ikiingia, fyuu, ndefu.

"Mkebe wa maziwa unautoboa matundu mangapi, maitu?"

"Mawili."

"Kwa nini usitoboe moja?"

Fizikia nilikuwa nimepata A kidato cha nne. Nilikichukua kifuniko mkononi mwake, nikakibandua kipande cha mfuko wa sukari, nikapangusa kifuniko. Juu yake, katikati, palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Nilikuwa nimeliziba mimi, hewa isiingie na petroli isishuke.

Nilianza kuomba radhi kwa kirefu. Alinikatiza akaniagiza nilete kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Alikata pete kwa kisu cha jikoni, ikakaa ukingoni mwa kifuniko na kuliacha tundu wazi. Niliiwasha, ikakata hadi petroli ikaisha. Tulirudisha mashine stoo gari la mwalimu mkuu lilipoingia langoni.

Ijumaa sehemu kubwa ilikuwa bado. Nilikuwa nimejipanga kusukuma mimi, lakini baba alifika wa kwanza akaushika mpini. Niliivuta kamba kwa ajili yake, nikasogea pembeni. Nilitarajia achechemee. Alitembea. Mpini ulimbeba, uzito wake wote wa mbele ulikuwa juu ya chuma kile, na mguu mbaya ulifuata tu, hatua baada ya hatua, mstari ukinyooka nyuma yake.

Mwalimu mkuu alitoka barazani na kikombe cha chai. Nilisimama kando ya stoo nikitayarisha majibu ya maswali matatu ambayo angeuliza. Alishuka uwanjani, akakanyaga palipokatwa, akapabonyeza kwa kisigino. Baba alizima mashine, mikono bado juu ya mpini.

Mwalimu mkuu aliuliza ni nani aliyeitengeneza. Baba akasema ni yeye na bintiye. Akanigeukia akataka kujua kama nilisomea mashine, nikasema hapana, biashara. Alinywa chai yake. Alimtazama baba miguuni, akamtazama usoni, nikadhani anatafuta maneno ya upole kama yale ya mwanzo.

"Mzee, Jumatatu uanzie kule nyuma ya vyoo," alisema. "Kule kumezidi."

"Sawa, Mwalimu."

Alipogeuka kurudi ofisini, baba alinitazama nije kuvuta kamba.