Mwiko wa Mwanakhamis

Hapo Sanyuanli, mtaa wa jiji la Guangzhou huko Uchina, aliyetaka nguo za watoto wachanga alielekezwa kwa Mwanakhamis. Alitoka Unguja mjane, na binti yake wa pekee, Shifa, akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Alikuwa akinunua kwa marobota kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu, akisafirisha Dar na Unguja, na wateja wakimtania kwamba hakuna mtoto wa Kariakoo asiyevaa soksi zake.

Alikuwa mcha Mungu, hilo tusimnyime. Swala haikumpita. Ila imani yake ilikuwa na mlango wa uani, na humo ndimo ilimoingilia miiko. Kabla ya Shifa alizika wachanga, na kila aliyezikwa alikuwa ameshatangazwa mtaani, nguo zake zimeshakunjwa kabatini. Tangu hapo akashika kwamba lililomlia wanawe ni jicho la watu.

Basi Shifa alipopata mimba, mumewe Yasir, karani wa ofisi ya mizigo, alitaka kuwaambia wenzake. Mama mkwe akamziba mdomo. Akakataza hata soksi moja ya mtoto isiingie chumbani kwao, na yeye mwenyewe akishinda katikati ya milima ya soksi. Bibi Liang, Mchina aliyemuuzia mali, alishawahi kumweleza kwamba hata kwao mimba haisemwi mpaka mwezi wa tatu upite, na mwenye mimba hashiki mkasi kitandani. Mwanakhamis akaona raha: kumbe na Wachina wanajua! Akayabeba na ya kwao juu ya yake. Ila mwiko wa Bibi Liang ulikuwa na mwisho. Wa Mwanakhamis ulikuwa mpaka mtoto alie.

Na kuficha kuna gharama zake. Shifa akavaa abaya pana, akaendelea kwenda sokoni kama zamani, akishika ncha hii ya robota na mpagazi ncha ile. Mteja mmoja wa Tanga, Fathiya, alimtazama siku moja akacheka.

"Shifa, wali wa mama umekukubali, naona."

"Ni wali huohuo," Mwanakhamis akadakia. "Wewe lete oda yako, mwanangu mwache na mwili wake."

Ulipofika mwezi wa saba Shifa akaanza kulalamika mgongo. Akamwomba mama yake amruhusu kubaki nyumbani.

"Ukibaki watauliza," mama akamwambia kwa upole, huku akimkanda. "Vumilia, mwanangu. Ni kwa ajili yake."

Akavumilia. Damu ikamtoka kwenye ngazi za jengo la maduka ya jumla, mbele ya watu walewale waliofichwa wasijue. Hospitali wakamwokoa yeye. Mtoto hawakumwahi.

Daktari alipokuja kuwaeleza, Mwanakhamis hakuambulia kitu, kwa kuwa Kichina chake kilikuwa cha bei na "hakuna". Miaka yote Shifa ndiye aliyekuwa ulimi wake: benki, polisi, kwa mwenye nyumba. Shifa akamsikiliza daktari mpaka mwisho, uso ukutani.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema ni mapenzi ya Mungu, mama."

Lingeishia hapo, labda jeraha lingepona. Lakini Mwanakhamis alifungua mkoba wa binti yake kumtafutia mtandio safi, akakuta kikofia cha mtoto, cha manjano, kimefungwa ndani ya leso. Akakaa nacho mkononi. Uchungu ukamsemea.

"Umemuua mwenyewe. Nilikukataza, ukamnunulia."

Shifa akageuka.

"Daktari hakusema mapenzi ya Mungu," akasema taratibu. "Amesema kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati. Ameuliza mgongo ulipoanza kuuma kwa nini sikuja, na nani aliniacha nibebe mizigo. Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Nilikustahi, mama."

Na pale pale, ambapo "nisamehe" moja ingetosha, Mwanakhamis akaanza kusoma dua ya kukinga jicho.

Shifa alipopata nguvu, yeye na Yasir wakarudi kwao Yasir, Tanga. Salamu zilikuja Idi kwa Idi, fupi, za adabu.

Mwaka juzi Fathiya alikuja kununua mali, akampa mkono wa hongera. Mwanakhamis akauliza hongera ya nini. Yule mama akababaika, akasema amesikia tu kwa majirani kwamba Shifa kajifungua salama.

Mwanakhamis akampigia Yasir. Yasir akakiri, sauti chini, kwamba ni kweli, na kwamba Shifa alitaka watu wote wajue tangu tumbo changa, ila mtu mmoja tu. Mwanakhamis hakugomba. Akasema vyema, mtoto analindwa. Akauliza tu ni wa kike au wa kiume.

"Niwie radhi, mama," Yasir akasema. "Na hilo pia nimekatazwa."