Jicho la Kushoto la Papa Furaha

Mjomba wangu alikuwa golikipa kule kwetu Likasi, Kongo. Miguu mibovu, sijui timu ilimvumilia vipi, ila penalti alizidaka. Alisema hatazami mpira wala mguu, anatazama bega la mpigaji. Mimi niliishia darasa la nne, lakini neno hilo lilinikaa.

Sasa ninyi vijana mnaoshika brashi, siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa 2015, hapa Johannesburg, mtaa wa Jeppestown, ghorofani, karakana ya kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta, mtindo wa Wazungu wa kale. Fundi Mkuu, Mreno mzee wa Rosettenville, alinifungulia kitabu cha picha zao, akaniuliza yupi ana huzuni. Wote wamefunga midomo, ila nilimjua. Basi akanifundisha: pembe za mdomo na za macho usizifunge kwa mstari. Zisugue kwa kidole rangi ingali mbichi, zififie. Anayetazama atazimalizia mwenyewe. Hapo sura inapumua.

Mreno alipofariki akaja Meneja, Mkenya, suti safi, mtu mzuri tu. Yeye alitaka meno, kila sura icheke wazi.

Mwaka 2018 akaja Mama Furaha, mshona nguo, mjane kutoka Bukavu. Picha pekee ya mumewe, Papa Furaha, ilikuwa ile ndogo ya karatasi za ukimbizi, uso umekazwa kama wa askari. Ibada ya kumbukumbu ilikuwa Jumapili, na kitinda mimba wake alishaanza kuisahau sura ya baba. Kwa amri ya Meneja nikampa marehemu meno kumi. Mama akatazama, akauliza polepole, "Huyu ni nani?"

Eish, niliona aibu. Nikamwomba aketi anisimulie. Akasema mumewe akimtania, jicho la kushoto hutangulia kucheka, mdomo unajizuia. Nikayakwangua meno yote kwa kisu. Siku tatu nilihangaika na kope moja.

Jumamosi Mama akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Papa Furaha, usinitazame hivyo. Umekula tena nyama niliyowawekea watoto?"

Akacheka mpaka akalia, na karakana nzima ikacheka naye. Vijana, hakuna cheo kinachofikia siku ile.

Meneja akanipigapiga begani. "Sharp, safi sana, mzee. Lakini Jumatatu turudi kwenye meno. Hii yako inachukua siku nyingi."

Nikamwambia sawa. Nikasafisha brashi, nikavaa koti, nikashuka ngazi nikipiga mluzi. Jumatatu ikaja, wakaningoja. Sijarudi mpaka leo.